Mashine Sita na Mvua ya Saa Nane

Jumatatu, 7 Aprili
Nimefagia saiba, duka letu la intaneti, nimewasha mashine zote sita za kompyuta. Ya tatu imegoma kidogo, kama kawaida. Wateja wawili wameondoka fomu ya chuo ikiwa bado inazunguka kwenye skrini bila kufunguka. Mama Chero, mwenye saiba, amewaona. Amesema mashine zimekufa: Jumamosi anaziuza zote, hapa pawe duka la dawa za ng'ombe. Na mimi je? Miaka minne ya kazi hapa, hivyo tu! Hazijafa. Shida ni brauza, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, ni nzito mno kwa mashine kuukuu. Nitapima.

Jumanne, 8 Aprili
Nimeweka brauza nyingine, nyepesi. Fomu ileile, sekunde nahesabu kwa simu. Asubuhi, ile nzito: arobaini na moja. Baada ya chakula, saa nane, nyepesi: hamsini na nane. Nimerudia. Sitini! Mama Chero amecheka mpaka akashika meza. "Akinyi, wewe kazi yako ni kupika chai tu." Nimeaibika. Nimekasirika zaidi.

Jumatano, 9 Aprili
Mjinga mimi! Nimezaliwa hapa Sotik, baba alifanya kazi kiwanda cha majani chai, na bado nimesahau mvua. Saa nane inanyesha, saa nane mtandao unalala. Kila mtu hapa anajua. Brauza moja nimeipa jua, nyingine nimeipa mvua. Huko si kupima, ni kuonea.

Alhamisi, 10 Aprili
Leo kwa zamu. Nzito, nyepesi, nzito, nyepesi. Jua kwa jua, mvua kwa mvua. Kila mara nafuta kwanza kurasa ambazo brauza imehifadhi, isije ikanidanganya. Mara kumi kila mashine. Vidole vimekufa ganzi. Nyepesi imeshinda kwenye mashine tano. Ya tatu imeshindwa kufungua fomu kwa brauza zote mbili. Hiyo kweli imekufa. Nimeandika hivyo pia, sifichi.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimempa Mama Chero daftari la vipimo. Hakulifungua. Eti mnunuzi anatoka Mulot kesho. Sibembelezi mtu. Nimebandika karatasi mlangoni: kesho saa nane, hata mvua ikinyesha, njoo ujaze fomu. Akitaka anifukuze.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua imekuja, mabati yanapiga kelele hatusikilizani. Watu tisa ndani. Mnunuzi amekosa hata pa kusimama. Kwa brauza nyepesi, fomu zimefunguka polepole, lakini zimefunguka, na hakuna aliyeondoka. Mama Chero amemuuzia mnunuzi mashine moja tu, ya tatu.
Jioni Mama Chero amepika chai yeye mwenyewe. Amenipa kikombe, akakaa, akafungua daftari. Nimekunywa.