Nimeliona Kosa la Da-hye, Nikagonga Muhuri

Mpendwa mshauri, naomba msaada, hata sijui nianzie wapi. Mwaka wa kumi na nne huu niko kampuni ya majokofu hapa Daejeon, ripoti zote za vituo vya matengenezo nilikuwa naandika mimi, mpaka akaletwa binti anaitwa Seo Da-hye, anaburuta kipanya cha kompyuta kidogo tu ramani inajipaka rangi, mkuu wetu Bwana Noh anapiga meza kwa furaha, juzi kwenye chakula cha idara akammiminia pombe ya soju yeye kwanza, mimi nimekaa hapo hapo na kikombe kitupu, nikajimiminia mwenyewe kwa wivu!

Sasa Jumatano Da-hye kaniletea ramani ya alama wanazotoa wateja, moja hadi tano. Kituo chenye wastani chini ya tatu kiwe chekundu, na vyekundu vitafungwa. Kosa nililiona papo hapo. Fomula yake haitafuti wastani kwanza, inampima kila mteja peke yake, mmoja akitoa mbili tu basi kituo kizima chekundu. Vituo vidogo vyenye wateja wachache vimenusurika, lakini kituo cha Gunsan, chenye wastani wa nne na nusu na wateja tele, kimekolea damu ya mzee.

"Dada, niko sawa?" akaniuliza.

"Uko vizuri, mdogo wangu, peleka." Nikagonga muhuri wangu wa ukaguzi. Nilitaka aumbuke mbele ya wakurugenzi Jumatatu. Lakini wasipogundua, watu kumi na mmoja wa Gunsan hawana kazi. Nikisema, atasifiwa tena. Nifanyeje?

Mi-ok

Mi-ok, pole, na aibu kwako. Kurukwa kikombe baada ya miaka yote hiyo kunauma, na huyo Noh hana adabu. Lakini mafundi wa Gunsan wamekukosea nini? Na hiyo ramani ina muhuri wa nani, shoga? Mkiumbuka, mnaumbuka wawili.

Leo hii mfuate Da-hye, siyo Noh. Mwambie fomula ijumlishe alama za kituo na kutoa wastani, ndipo iulize kama uko chini ya tatu. Kisha umwambie na lile gumu: niliona, nikanyamaza kwa wivu. Atalia, atakununia, vumilia. Halafu nendeni wote kwa Noh na ramani mpya.

Kosa ambalo binti na kipanya chake hakuliona, wewe umeliona kwa kutupa jicho mara moja. Unamwonea wivu wa nini? Kipaji unacho, na umekitumia kumzamisha mtu aliyekuita dada.