Ami, Nimefungua Pete za Bunduki Yako

Ami,

Nimekuvunjia amri. Bunduki uliyokataza isifunguliwe, nimeifungua. Pete zake sita za fedha ziko mbele yangu kwenye sahani ya halua, nami nimekaa kwenye kiti chako hapa karakana ya Darsait, sijui nikucheke au nikununie. Barua hii nimeianza mara tatu. Nimeinuka kuzima feni, nikainuka tena kuiwasha.

Najua ungesema nini. "Salha, salamu kwanza, ugomvi baadaye."

Haya, salamu. Miezi saba sasa tangu ututoke. Duka la cherahani la jirani yako limekuwa la vifuniko vya simu. Mkeo Bi Shekha hajambo, ila goti. Bado analala kwenye samadari ya babu yako, kile kitanda mlichokuja nacho kutoka Unguja, matendegu matatu na tofali la saruji kwenye pembe ya nne. Mwanao Nasser alimletea kitanda kipya chenye madroo chini. Akamwambia, "Mwanangu, hicho kalalie wewe, una mgongo wa kiofisi." Nasser mwenyewe kahamia Mabela, nyumba mpya, sebule ndefu hata ukimkaribisha mgeni upande mmoja unaweza kumsahau. Na Talib, mjukuu wako, anaoa Ijumaa hii.

Hapo ndipo lilipo balaa langu.

Anaoa kwa watu wa ndani, upande wa Nizwa, watu waliozaliwa na bunduki kitandani. Kutakuwa na razha mbele ya nyumba, wanaume wamejipanga mistari miwili na ngoma na mapanga na bunduki zao za kale, na Talib anataka kusimama na yako. Wao wana mzee wao, Mzee Hamed, ami yake baba wa bibi harusi. Adabu ni kwamba bwana harusi anamkabidhi mzee bunduki aitazame. Na huyu, wanasema, akishika bunduki haachii mpaka aijue mama yake. Nasser akanipigia simu: "Salha, isafishe bunduki ya Baba, ing'are." Basi nikaichukua.

Lazima nikwambie kwamba siku hizi wanakuja kwangu. Wale wale walioniona miaka ishirini nimekaa pembeni yako ukitengeneza bunduki zao, nikishika bisibisi, wasiniamkie, leo wananiita ustadhati, mwalimu wangu. Kuna bwana mmoja anafanya kazi benki Ruwi, ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita: anataka sam'a ya kweli, zile bunduki za Kiingereza za risasi moja moja, aanzie wapi?

Nilimwambia aanzie kwenye kibali, awaulize polisi kabla hajamuuliza muuzaji. Na akiishika, ahakikishe kwanza haina kitu tumboni, hata kama muuzaji ameapa. Hasa kama ameapa. Kisha asitazame fedha. Kila mtu anatazama fedha, ndiyo maana huwekwa. Atazame maandishi kwenye chuma. Kiwandani walipiga muhuri kwa pigo moja, herufi zikasimama kama askari. Wa kuigiza anachonga moja moja kwa patasi, akifika ya nne mkono ushachoka. Chuma na herufi vizeeke pamoja. Chuma kilicholika chenye herufi za kukata kidole ni kizee chenye meno ya mtoto. Atazame shingo ya mbao na ule mkono wa chini unaofungua mtambo, hapo pawe pamelika, maana ndipo watu waliposhika. Ikiwa imelika mpaka pembe zisizofikiwa na mtu, basi kuna mtu na msasa. Achungulie mtutu kwenye mwanga, mifereji ya ndani izunguke sawasawa mpaka mwisho. Na anuse. Mbao iliyozeeshwa juzi inanuka chai, au dawa ya viatu.

Mimi, nikienda soko la Mutrah, nashika birika la kahawa. Wauzaji wakiniona mwanamke hunisukuma kwenye bangili, "Mama, vyako viko huku," nami naligeuza birika huku nikiisoma bunduki iliyo nyuma yake. Wanaongea mbele yangu kila kitu, nani kaipaka nini. Hiyo hukunifundisha wewe. Hiyo nimejifunza mwenyewe kwa kudharauliwa.

La mwisho nililomwambia yule bwana ni lako. "Hadithi ikiwa nzuri kuliko bunduki, rudisha zote mbili." Ulikuwa ukilisema na uso mkavu, Ami! Mtu ambaye bunduki yake ilikuwa na hadithi nzuri kuliko zote za Maskati! Eti babu yako aliiacha kwa nduguye huko ndani alipokwenda Unguja kijana, nawe uliporudi Oman nduguye yule, hajiwezi kwa uzee, akakukabidhi machozi yakimtoka. Tumeisikia kila Idi. Machozi yakiongezeka kila Idi. Na mtu akinyoosha mkono: "Hii si ya kukaguliwa. Hii ya kupanguswa."

Jumatatu, nikiipangusa, nikaiona.

Taji la malkia wa Kiingereza lililopigwa kwenye chuma limepinda kama kilemba cha mtu aliyesinzia. Tarakimu za mwaka hazilingani urefu. Nikasema labda macho yangu. Nikachungulia mtutu, mifereji inayumba. Nikaiweka chini, nikapika chai, nikarudi, nikachungulia tena kana kwamba chai ingeinyoosha. Bandia, Ami. Ningeiona kwa mtu mwingine ningeitambua nikiwa mlangoni.

Na pale penye kitako, pete tatu za fedha zimebanana. "Fedha ikijaa mahali pamoja, uliza inaficha nini." Wewe huyo tena. Nikazifungua zote sita. Chini ya moja ya hizo tatu pana kiungo, vipande viwili vya mbao vimeunganishwa hata wembe haupiti. Hakuna mwingine anayeunganisha hivyo. Nikakwangua kidogo, kama ukucha, ikatoka harufu ya mvule. Na pembeni ya kiungo, mahali ambapo fedha imepaficha miaka yote, kuna mistari miwili ya kukerezwa, yenye rangi nyekundu.

Nikafunga karakana, nikaenda kwa Bi Shekha, kama mtu anayekwenda kumwamkia. Nikaangusha kitana changu makusudi, nikapiga magoti kukiokota. Matendegu matatu, na kila moja lina mistari miwili myekundu. Na lile tofali. Miaka yote hii ulituambia tendegu la nne lilipotea melini.

Sasa nakumbuka kichekesho chako. Ulipenda kukisimulia: kulikuwa na Mzinjibari mmoja, karudi Oman juzi, Kiarabu chake kinachechemea, kaalikwa harusi huko ndani. Kila mtu mstarini na bunduki, yeye kasimama na bakora. Wakamuuliza, "Ya babu yako iko wapi?" Akajibu, "Iko kwa fundi." Tulicheka, Ami. Kila mara tulicheka, nawe ukicheka kutushinda, na hakuna aliyekuuliza jina la Mzinjibari huyo.

Nimekasirika bado. Ulinifundisha kukamata waongo kwa mkono ule ule uliokuwa ukitudanganya. Na siku nne tu zimebaki. Ningeweza kuzirudisha pete nikanyamaza, nikategemea macho ya mzee. Nimeuliza kwa watu macho ya Mzee Hamed yakoje. Nimeambiwa alifanyiwa operesheni, anaona kuliko mimi.

*

Jumatano. Nimemwita Talib.

Alikuja na joto lake la bwana harusi, simu mbili mkononi. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwonyesha taji, mtutu, kiungo, nikamweleza na la tendegu. Akachungulia mtutu tena mwenyewe. Halafu, "Shangazi, Babu alijua?"

"Ndiye fundi."

"Sasa mimi nisimame na nini mbele ya watu wale? Watasema Wazinjibari hata bunduki zao za kubuni."

Nikamwambia zipo zako mbili za kweli, safi, zina vibali, achukue mojawapo, hakuna atakayemuuliza. Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye ile mistari myekundu, kwenda na kurudi. Kisha akasema, "Zirudishe pete tano. Hii ya hapa iache wazi."

"Mwanangu, mzee ataona."

"Naona ndivyo itakavyokuwa."

Nikazirudisha tano. Nasser hatukumwambia. Alikuwa anagombana na watu wa mahema.

*

Jumamosi. Yamekwisha.

Mimi nilisimama karibu na mistari na simu yangu juu, kama ninayepiga picha. Mwanamke mwenye simu haonekani, nalo hili kajifunze huko uliko. Talib akamkabidhi Mzee Hamed bunduki kwa mikono miwili. Mzee akafungua mtambo akatazama kama ipo tupu, nikamheshimu hapo hapo. Akatazama taji. Akachungulia mtutu. Akaigeuza. Ngoma zikapungua, maana wapigaji nao walikuwa wanamtazama yeye.

"Ya nani hii?"

"Ya babu yangu," Talib akasema.

"Babu yako aliambiwa ni sam'a?"

Nilimwona Nasser anatabasamu na kijasho. Na Talib akajibu, kwa Kiarabu chetu kile kilichopinda kidogo, lakini kwa sauti: "Hapana, mzee wangu. Chuma alikitoa sokoni na alijua ni bandia. Mbao ni mguu wa kitanda cha babu yake kutoka Zinjibar. Aliuchonga mwenyewe, ili naye asimame na kitu."

Tabasamu la Nasser likabaki usoni bila ya mwenyewe.

Mzee Hamed akaweka kidole pale pasipo na pete. Akapapasa kiungo, muda mrefu, Ami. Kisha akauliza, "Na kitanda?"

"Kimesimama juu ya tofali."

Mzee akacheka mpaka kilemba kikamteleza. Na alipokiweka sawa akavua bunduki yake begani, sam'a ya kweli, nimeisoma nikiwa hatua kumi, akamtia Talib mikononi. "Yangu nzito," akasema. "Mimi mzee, nipe hiyo ya kitanda." Akaingia mstarini nayo. Alicheza nayo raundi tatu, akaitupa juu akaidaka, na kila ikipaa nilifumba macho kwa ajili ya gundi yako. Gundi ilishika.

Alipoirudisha alinong'ona na Talib, na Talib akaja kuniambia. "Kasema kiungo ni cha bingwa. Chuma tukitupe."

Jioni nikampelekea Bi Shekha pete ya sita na khabari nzima, nikiwa nimejiandaa kumpoza. Aliniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe ulidhani alikata peke yake? Nilimshikia mimi. Msumeno huku yeye, huko mimi. Alilia mpaka nikamwambia, lia ukimaliza, utaharibu mstari." Nikamwambia nitamtafutia mkereza wa kumchongea tendegu jipya. Akaipokea pete, akaitia kwenye mtoto wa meza penye tasbihi yake. "Niachie tofali langu. Juu ya hilo ndipo nilipolala mpaka nikamwozesha Nasser, na mjukuu pia."

Kwa hiyo hata kwa hilo ulikuwa na shahidi, na shahidi amelala juu yake nusu ya umri wake bila kusema neno. Ungalinishirikisha, Ami. Ningekushikia taa. Hilo ndilo linaloniinua kwenye kiti, si uongo wenyewe.

Lakini nimekusamehe kiasi, na kilichobaki nitakimaliza polepole, nina muda.

Nakuahidi hivi. Atakayekuja kwangu kutaka kujifunza, yule bwana wa benki wa kwanza, sitampa ya kweli. Nitampa yako. Nitamwambia akisome chuma mpaka aniambie mwenyewe kwamba ni bandia, na akijiona mjanja nitamgeuzia pale palipo wazi, nimuulize hii sasa ni mbao gani. Asipojua, nitamsimulia yote, na jina la yule Mzinjibari nitalitaja.

Mungu akulaze pema, kwenye kitanda chenye miguu minne.

Nafunga karakana. Feni nimeizima.

Salha wako