Mko Wangapi Humo Ndani?

Mwenzangu, niko hai. Usipige, nitalia. Soma tu.

Leo mwalimu wa urubani kaniachia ndege niirushe peke yangu, mara ya pili tu maishani. Nikajitia ujuzi, nikaingia kwenye wingu. WINGU! Juu sikujui, chini sikujui, roho mkononi.

Nikaita kwa redio mnara wa kuongozea ndege. Mwongozaji akauliza, "Mko wangapi humo ndani?"

Eti mko wangapi! Wanauliza ili wajue watatafuta miili mingapi. Nikatazama kiti cha mwalimu, kitupu, mkanda umefungwa vizuri.

"Niko peke yangu."

"Haya, tuko wawili. Usiuamini mwili wako, amini vipimo vya ndege."

Akaniongoza mpaka nikatoka winguni. Nikatua vibaya. Gurudumu la mbele limevunjika, mimi sina hata mkwaruzo.

Sasa niko ofisini kwao, chai imepoa. Karani kauliza ampigie nani wa nyumbani. Mama ndiyo hivyo, hayupo tena, kaka unamjua, hapokei.

Mko wangapi, mwenzangu. Bado nalisikia swali lile.

Nimempa karani namba yako. Akauliza wewe ni nani wangu, nikasema dada.

Akipiga, usinikane.