Mkono Uliokataa Trekta Jipya

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako mzima, na mahindi ya shamba letu la Sigino yamebeba vizuri. Unasema ofisini wamebadilisha mfumo wa kompyuta, vidole vyako vinabonyeza vitufe vya zamani kana kwamba vina mwenyewe mwingine, na sasa unataka kuacha kazi?

Hata mimi, dereva bingwa wa Babati nzima, yalinikuta ujanani. Tajiri wangu alileta trekta jipya ambalo gia ya mbele na ya nyuma zilikuwa zimebadilishana mahali. Nikitaka mbele, mkono unanirudisha nyuma kwenye ukungu wa Ziwa Babati lililopakana na shamba, viboko wanakoroma nyuma yangu. Niliutazama mkono ule kama wa maiti.

Mama Paulo, aliyelima kwa maksai, akacheka: "We bingwa! Maksai mgeni huambiwa kwanza, ndipo anavutwa. Itaje gia kwa mdomo!"

Nikataja kila gia mpaka mkono ukatii. Siku nilipopanda tena trekta la zamani, likanirudisha nyuma. Yule dereva wa kwanza alikuwa ameondoka ndani yangu bila kuniaga.

Usiache kazi, mama. Taja kila kitufe kabla ya kukibonyeza. Wakikucheka, waambie babu yako ni nani.

Babu yako,
Hapa Singe, Babati