Jibu la Pole

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
10 Novemba 2024

Mdogo wangu mpenzi Severa,

Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, goti limepunguza maumivu na migomba imepata mvua. Huku joto limeanza mapema. Ulichoniambia Jumapili iliyopita kwenye simu nimeona nikijibu kwa kalamu, maana kwenye simu huwa nakudanganya kwa urahisi.

Tulipomzika Evelyn hapo nyumbani mwezi wa pili, siku ya nne baada ya kurudi Dar nilikuwa dukani, kati ya nyuzi na vifungo vyangu. Wateja walipita kunipa pole, nami nikawajibu kama sote tunavyojibu: nimeshapoa. Nimeishi mji huu miaka arobaini na sita, nimesoma vitabu vingi, lakini sikuwahi kulitazama neno hilo. Mtu anakupa pole kwa kufiwa na mke mliyeishi naye miaka arobaini, nawe kabla hajamaliza kusema umeshapoa.

Mwezi wa sita mambo yakaanza kuharibika. Fundi mmoja wa Ilala alirudisha mzigo akicheka, akasema mzee, umenipa zipu za jinzi nishonee gauni la bibi harusi, unataka nipigwe? Nikacheka naye. Kisha nikaingia stoo, nikakaa juu ya maboksi mpaka mchana. Kula nilikuwa nasahau.

Aliyenigundua ni jirani yangu Ranjanben, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Alikuja na chapati na dengu, akakaa bila kukaribishwa, akaniuliza nimekula nini tangu jana. Nikasema nimekula. Akasema mumewe ana miaka kumi na miwili tangu afe, kwa hiyo uongo wa wafiwa anaujua wote, nimtafutie mwingine. Halafu akanipa pole. Nikajibu nimeshapoa. Akasema, kama umepoa, mbona shati ni hilo hilo tangu Jumatatu?

Ndiye aliyenipeleka kwa Shamsa, muuguzi wa kliniki moja ndogo ambaye kazi yake ni kuzungumza na watu waliolemewa moyoni. Nilidhani nitapewa vidonge. Akanipa kazi: kila Alhamisi nifunge duka saa nane, nile nimekaa mezani, nitembee bila mzigo mkononi, na kwa wiki nzima nisimjibu mtu nimeshapoa. Nikamwambia watu watanishangaa. Akasema waache washangae, anayeumwa ni wewe. Siku ya tatu mzee mwenzangu anayevuta mkokoteni alinipa pole, nikamwambia bado, ndugu yangu. Akaegesha mkokoteni, akanisimulia habari za marehemu mkewe nusu saa nzima. Nililia mchana kweupe mbele ya wateja, na hakuna aliyeondoka bila vifungo vyake.

Sasa nifike kwenye lile ninalolikwepa. Mwezi wa nane, mlipokusanyika kusimika msalaba kaburini, nilikwambia nina malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa nimeshanyoa ndevu, tiketi ipo mfukoni, nikakaa kitandani kufunga kamba za viatu, mikono ikakataa. Basi liliondoka mimi nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Najua ukoo unasema Dar imenimeza, na wewe ulisimama mahali pangu ukinitetea kwa ugonjwa ambao haukuwepo. Kwa hilo nakuomba msamaha. Jumapili uliniambia nijikaze, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wenu. Severa, nimejikaza miezi mingi, na ndiko kulikonifikisha pale kitandani.

Msalaba nataka kuuona, na kabla ya wageni kujaa uani nataka tuketi wawili tu, nilie bila kuwa mkubwa wa mtu. Nitafika tarehe kumi na mbili Desemba. Watu waambie nafika tarehe kumi na tano.

Ranjanben anakusalimu sana ingawa hamjuani. Msalimie shemeji Theophil, ila tarehe ya kwanza usimtajie. Yule hajui kunyamaza.

Ni mimi kaka yako,
Elimringi