Majeneza Mawili Kwenye Lango la Kilvarnog

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kilvarnog, 29 Oktoba 1954

Jina: Malachy Conheady. Umri: miaka 79. Kazi: mwashi wa mawe. Makazi: Mtaa wa Mnarani, Kilvarnog.

Ukuta wa makaburi ya watawa nimeujenga upya mimi, na haujawahi kudondosha jiwe. Iandike hiyo, Sajini.

Mnamo tarehe ya leo, saa tano asubuhi, tulikuwa tunampeleka dada yangu Attracta kuzikwa humo. Akina Rattigan nao walikuwa wanamzika baba yao, lakini wao walipangiwa saa sita. Hapa kwetu kila mtu anajua: anayeingia makaburini mwisho ndiye analinda lango na kuwachotea maji marehemu wote, mpaka azikwe mwingine. Attracta alituchotea maji nyumbani tangu ana miaka saba. Nilimwahidi akiwa kitandani anakata roho kwamba huko hatashika ndoo.

Tulipofika karibu na mnara wa watawa, jeneza likiwa mabegani, nikasikia trekta nyuma. Phelim Rattigan anaendesha, baba yake yuko kwenye tela, ndugu zake wanne wamelishikilia jeneza. Nikamwambia, "Phelim, baba yako hakuwahi kuiwahi misa hata siku moja. Leo haraka ya nini?"

Akajibu, "Na dada yako alingoja mchumba miaka sitini, mzee. Nusu saa ndiyo itamuua?"

Lango ni jembamba, na pembeni yake umesimama ule msalaba mkubwa wa mawe wenye mitume waliochongwa. Phelim akataka kutupita upande wa msalaba. Nilipiga kelele asipite. Tela likagonga kitako chake, msalaba ukaanza kuinama. Phelim akaruka chini kuukinga kwa mikono, mpumbavu yule. Ukamlalia mapajani, kichwa cha msalaba kikanasa kwenye ukuta wangu. Ukuta wangu ndio uliozuia asisagike. Halafu jiwe moja la juu likaanza kutoka.

Colman, mtoto wa mdogo wangu, akaninong'oneza, "Baba mkubwa, lango hili hapa. Tumwingize kwanza, tutarudi."

Nilitazama lango. Nilitazama lile jiwe.

Phelim akasema, "Mzee Malachy, usiniache." Wala hakupiga kelele.

Nikasema, "Mwekeni chini."

Tukamlaza Attracta kwenye majani mabichi, tukaingiza mabega. Ireland nzima hakuna mwanaume wa umri wangu angeuinua ule msalaba. Uso wangu ulikuwa umebanwa kwenye miguu ya mtume mmoja, sikuweza kugeuka, ila nilisikia viatu vizito vikipita nyuma yangu. Ndugu zake Phelim walikuwa wanamwingiza baba yao. Walirudi mbio kutusaidia, lakini walikuwa wameshamwingiza.

Colman akamvuta Phelim. Tulipouachia, msalaba ulianguka ukakatika mkono mmoja. Ulikuwa umesimama miaka elfu. Atakayesema tumeuvunja sisi ni mwongo, lililouvunja ni tela.

Attracta aliingia mwisho.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, na sibadili hata neno.

(Sahihi) M. Conheady

Yameandikwa na mimi, Sajini D. Lavelle. Shahidi aliuliza mara tatu hali ya Phelim Rattigan. Nilipomjulisha kuwa hospitali imepiga simu na majeruhi atapona, alisema, "Mungu ashukuriwe." Hakuinuka. Kisha akauliza kama nimesikia kuna mgonjwa mwingine yeyote hapa Kilvarnog.