Namba Tatu Nyuma ya Pazia

9 Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. U hali gani, na mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ukiacha vidole ambavyo asubuhi za baridi vinanigomea. Najua utasema ningepiga simu. Simu sizipendi, unanijua. Kwenye simu unasikia ninavyopumua halafu unaanza kunihurumia.

Nina habari. Mzee wa viola ametoka kwenye kundi. Miaka kumi na miwili tumecheza watu wanne: mimi fidla ya kwanza, Mrefu fidla ya pili, Mama Selo na selo yake kubwa ya kubana kwa magoti, na Mzee na viola yake, ile fidla nene ya sauti ya katikati. Mwaka jana mkono wake ulianza kutetemeka. Kwenye sehemu za polepole upinde ulikuwa unadundadunda juu ya uzi, na gazeti moja likaandika kwamba huo ni mtindo wake mpya. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ijumaa, baada ya mazoezi, nilimwambia basi. Nilisema mimi kwa sababu wale wawili ni waoga. Alilaza viola kwenye sanduku, akashindwa kubana vifungo, nasi tukasimama tukimtazama mpaka akamaliza.

Kwa hiyo kiti kiko wazi, na wewe utaomba. Mtihani ni tarehe 10 Aprili. Kila mtu anapewa namba, anacheza nyuma ya pazia, na sakafuni tunatandika zulia ili hata viatu visijulikane ni vya nani. Sisi watatu tunasikiliza na kuandika ndiyo au hapana kwenye vikaratasi. Hapana moja inatosha kumtoa mtu, kwa maana watu wanne hawawezi kucheza pamoja ikiwa mmoja hamtaki mwenzake. Majina yanabaki kwa katibu, anayafungua kesho yake asubuhi.

Ila mimi nitakujua. Usibadilishe kitu. Vuta ile pua yako mara mbili kabla ya kuanza, kama ulivyokuwa ukivuta tangu ukiwa na miaka saba na kumkera baba.

Dada yako

2 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimepokea barua yako nikiwa nimezungukwa na watoto kumi na wanne wenye fidla, kila mmoja anakwaruza lake, nikaisoma nimesimama. Mgongo haujambo. Mimi sijambo, tena leo zaidi ya siku zote. Vipi hivyo vidole, umevipeleka kwa daktari au unavitukana tu?

Sijui nianzie wapi. Miaka kumi na moja nimemuuguza mama na sikujuta hata siku moja, usifikiri nakulaumu. Ulipopata ile nafasi mmoja wetu alipaswa kubaki, nikabaki. Lakini tangu azikwe nimekuwa nikiingia kwenye chumba chake na kupiga viola mpaka jirani anagonga ukuta, nikijiuliza nampigia nani. Nina miaka arobaini na mitatu. Nafundisha asubuhi, jioni napiga kwenye ukumbi wa hoteli watu wanapotafuna. Kiti hiki nikikikosa, dada, sitapata kingine. Nakuambia wazi ili ujue nakuja kwa kufa na kupona.

Mwenzangu wa mazoezi ni mwanafunzi wangu mkubwa, nilishakusimulia, yule dada wa duka la dobi ninayemwita Kasuku. Miaka tisa nimemfundisha, na ananiiga kila kitu, hata ninavyokohoa. Ananisimamisha nikikosea, hana adabu kabisa. Anacheza vizuri kuliko ninavyomwambia.

Nimeshatuma maombi. Asante kwa kunikumbuka.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi niko salama, kazi nyingi.

Ukija usifikie kwangu. Wenzangu wakisikia umelala kwenye sebule yangu watasema nimekubeba. Karibu na stesheni kuna nyumba ya wageni, mashuka yao ni safi na mwenye nyumba haongei. Tusionane kabla, wala baada, mpaka matokeo yatoke. Nitakusikia, inatosha.

Narudia, usijifanye mtu mwingine. Wanaobadilisha mambo dakika ya mwisho ndio wanaoharibu.

Dada yako

10 Aprili, saa kumi jioni

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umefika nyumbani salama na umekula kitu. Keti kwanza.

Nakuandikia kabla katibu hajakupigia, kwa sababu hili ni bora ulisikie kwangu. Umekosa. Ulikuwa namba tatu. Nilisikia ile mivuto miwili ya pua, na upinde haujagusa uzi moyo wangu ulishasema, huyu ni wetu. Ulicheza kama ulivyocheza siku zote, sina la kukosoa. Mimi niliandika ndiyo. Wenzangu wamekataa. Mrefu alisema sauti yako ni ya nyumbani mno, Mama Selo akasema umri umekutupa mkono. Nilipigana nao dakika arobaini, sauti imenikauka. Hawakusikia.

Tumemchukua namba tano. Simjui ni nani. Ni mtu makini, havuti pua, ana mkono mzito mzuri. Niliandika ndiyo kwa haraka kwa sababu nilishachoka na maneno.

Usivunjike moyo sana. Una watoto wako kumi na wanne, una hoteli yako. Si kila mtu ameumbwa kwa maisha haya ya masanduku na treni, na pengine mama angependa ubaki. Naipeleka barua posta sasa hivi.

Dada yako akupendaye

11 Aprili

Mdogo wangu,

Hongera. Katibu amefungua bahasha asubuhi hii na namba tano ni wewe. Mama Selo amenikumbatia mpaka miwani ikaniponyoka. Wanasema damu haipotei. Nimefurahi mno, hata kuandika siwezi vizuri, ndiyo maana mwandiko umekwenda upande.

Kuna barua nyingine utaipata kabla ya hii. Niliiandika jana nikiwa na homa, sikumbuki hata nilichoandika. Usiifungue. Ichane uitupe, nakuomba kama dada yako.

Kazi inaanza tarehe mosi Septemba, una miezi minne na kidogo ya kumaliza mambo yako.

Dada yako

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini homa imepoa.

Barua zako zilifika siku moja. Mleta barua alizifunga pamoja kwa mpira, na ya juu ilikuwa ile ya kwanza. Nilishaifungua kabla sijajua kuna amri ya kutoifungua.

Ngoja nikueleze namba tatu alikuwa nani. Alikuwa Kasuku. Naye aliomba. Alinisihi nisikuambie, maana alisema akishindwa asionekane kichekesho kwa dada wa mwalimu wake. Tulisafiri pamoja, akakaa dirishani njia nzima akipiga vidole juu ya goti. Na hiyo pua ni yangu, ameichukua kwangu kama alivyochukua kila kitu. Mimi niliiacha. Miezi miwili nimefanya mazoezi na kitambaa puani ili nijifunze kuanza kimyakimya, kwa sababu ulisema utanijua, nami sikutaka nipendelewe. Nilitaka nikipata, nipate kwa haki, nawe uweze kuwatazama wenzako machoni.

Wiki iliyopita Mama Selo aliniandikia kunikaribisha. Ni mama mwema, anaandika kama anavyoongea. Akasema nisione haya kwamba nilikuwa wa pili. Wa kwanza kwao alikuwa namba tatu. Yeye na Mrefu waliandika ndiyo bila hata kutazamana, Mrefu alikuwa analia. Hapana ilikuwa moja tu, na katika chumba kile mlikuwa watatu.

Sina maswali mengi. Nilikukosea nini?

Mdogo wako

28 Mei

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali kwa sababu naijua.

Ni mimi. Niliandika hapana, nikakunja karatasi. Sitakuomba msamaha, ungeupokea haraka mno, nami ningekuchukia zaidi.

Unauliza ulinikosea nini. Hukunikosea, na hapo ndipo donge langu lilipo. Baba alinifundisha mimi kwa fimbo, wewe akakufundisha kwa kukaa kimya akisikiliza. Nilikuja huku na kiti ambacho kila mtu pale nyumbani alijua ni chako, ukabaki unambadilishia mama mashuka, na barua zako zote zinaanza na shikamoo. Sikuja kumzika. Tulikuwa na maonyesho sita, na nilicheza yote sita. Ukaniandikia kwamba mama alielewa. Ungenitukana siku ile, pengine ningekuwa mtu.

Kuna jingine. Kidole changu cha nne kimekufa ganzi, huu mwaka wa pili. Nikipanda juu kwenye uzi wa kwanza, sauti inakaa chini kidogo ya pahali pake. Mrefu hasikii. Mama Selo anasikia lakini anadhani ni masikio yake. Aliyesikia ni Mzee. Mpiga viola huketi uso kwa uso nami, hakuna pa kujificha. Alikuwa ananitazama tu, hasemi, mtu ambaye mkono wake mwenyewe unatetemeka. Ndiyo maana nilimharakisha. Sasa wewe nikuweke kwenye kiti kilekile, wewe mwenye masikio hayo? Ungejua wiki ya kwanza. Na ungenionea huruma.

Kwa nini basi nilikuita? Tangazo lingekufikia tu. Nikaona afadhali uje kwa mkono wangu na ushindwe kwa mkono wangu, halafu nikupe pole, nawe uniite dada mwema mpaka ninakufa.

Sasa iko hivi. Ukimwandikia Mama Selo kwamba nilipiga kura kwa chuki, kura itafutwa. Ni kanuni yetu, imeandikwa. Watarudia, mimi nitatolewa chumbani, na yule dobi wako atapata kiti kwa kura mbili. Mimi nitafukuzwa na wewe utarudi kwa watoto wako. Ukinyamaza, Septemba unaingia. Amua mwenyewe. Ninavyokufahamu nimeshaanza kufunga vitabu vyangu vya nota kwenye maboksi.

Dada yako

3 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Vidole vyako vihifadhi na joto, usivioshe kwa maji baridi.

Nimechelewa kukujibu na najua umekaa roho juu. Barua kwa Mama Selo niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana, nililia nikiisoma. Nikaenda nayo mpaka posta, nikapanga foleni. Mbele yangu alikuwepo mtu mmoja tu, mwenye kifurushi kibovu kinachofunguka, na karani akawa anakifunga upya taratibu. Nikapata muda wa kufikiri. Nilifikiri kuhusu watoto kumi na wanne, na ukumbi wa hoteli, na chumba cha mama. Nikatoka kwenye foleni. Zile nyingine mbili sikuzifikisha hata mlangoni.

Kwa hiyo fungua maboksi yako. Nyumba nimeshapangisha, na shule wamenifanyia keki. Tutaonana tarehe mosi Septemba saa tatu asubuhi, nami nitaketi pale pa Mzee. Kuhusu kidole chako sitamwambia mtu, na huruma sitakuonea, usihofu hilo tena. Nakuomba jambo moja tu: jina la Kasuku usilitaje huko, wala namba yake, hata kwa bahati mbaya. Mama Selo akiuliza, sema humjui.

Alikuja kuniaga wiki mbili zilizopita akitoka kazini, mikono imejikunja kwa maji ya sabuni. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, alikuwa anajivunia mwalimu wake. Akaniuliza, kwa kuwa mimi nina dada kule ndani, kama nimesikia alikosea wapi. Ningeweza kusema sijui. Nikamwambia nyuzi zake za chini hazina uzito, na kwa mikono midogo kama yake huenda usije kamwe. Akayaandika kwenye kidaftari chake, akanisomea mara mbili nione kama amepata sawasawa. Tangu siku hiyo, kila nikipita nje ya duka la dobi wakati wa mapumziko yao, namsikia huko nyuma akizifanyia mazoezi nyuzi za chini, ambazo hazina kosa lolote.

Mdogo wako